Mkanda wa Yeremia na Gari Letu Kuukuu



Wapendwa katika Kristo, wengi wenu mmeniuliza kwa nini Land Rover kuukuu ya parokia yetu bado imesimama juu ya magogo nyuma ya nyumba ya mapadre, ilhali injini imekwisha kutengenezwa na breki zake ni nzima. Jibu ni fupi: tunashughulikia mikanda. Baadhi yenu mmecheka, mkisema kwamba gari hilo lilipanda milima ya Karagwe miaka mingi bila mtu kuikumbuka mikanda hiyo. Kwa kuwa jambo hili limefika kwenye halmashauri ya walei na kuwagawa wazee na vijana, naona vema tulitafakari pamoja juma hili.

Gari hilo ni Series III, aina iliyotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985. Mikanda yake ya mbele haijivuti yenyewe kama ya magari ya siku hizi. Abiria huirefusha au kuifupisha kwa mkono. Wazee wanataka ibaki kama ilivyo, kwa heshima ya mapadre waliozunguka vigangoni kwa gari hilo. Vijana wanataka ing'olewe na kutupwa.

Ni vema kwanza tujue kitu hiki kilitoka wapi. Mkanda unaopita kiunoni na kifuani, ukafungwa kwa mkono mmoja kando ya nyonga, ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Sweden. Kabla ya kuingia kampuni ya Volvo mwaka 1958, alikuwa akibuni viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege iliyo hatarini. Mkanda wake ulianza kufungwa magarini mwaka 1959, na miongoni mwa magari ya kwanza kuwa nao ni Volvo PV544. Wapenzi wa mashindano ya Safari wanalikumbuka gari la aina hiyo: ndilo alilolitumia Joginder Singh wa Kenya, pamoja na nduguye Jaswant, kushinda mwaka 1965. Volvo iliwaruhusu watengenezaji wengine wautumie ubunifu huo bila malipo. Wangeweza kujitajirisha kwa haki yao. Wakachagua uhai wa watu wasiowajua.

Gari likigonga mti, gari husimama, lakini mwili wa aliyemo huendelea kwenda kwa mwendo ule ule mpaka kitu kiuzuie. Mikanda ya awali iliyofunga tumbo peke yake iliweza kuumiza viungo vya ndani. Huu wa Bohlin hugawa nguvu hiyo juu ya mifupa ya nyonga, mbavu na bega, na utepe wake hunyumbuka kidogo. Basi tegemeo lote liko kwenye nyuzi. Nyuzi hizo, ziwe za nailoni au poliesta, hudhoofishwa na jua, na vumbi lenye mchanga huzikatakata polepole. Fundi wetu alipoukunja utepe wa gari letu, ukingo wake ulitoa manyoya. Kwa mbali ulionekana mzima.

Hapo nilimkumbuka nabii Yeremia, sura ya 13. Mungu alimwagiza anunue mshipi wa kitani, akauvaa, kisha akauficha kwenye mwanya wa jabali kando ya mto. Baada ya siku nyingi alirudi kuufukua, akaukuta umeharibika, haufai kwa lolote. Ulikuwa mshipi ule ule. Lakini haukuweza tena kufunga kiuno cha mtu.

Tukafanyaje basi? Mzee mmoja alipendekeza tuufue utepe kwa dawa ya kung'arisha nguo. Dawa hiyo huzila nyuzi. Mwingine alitaka fundi viatu wa sokoni aushone upya. Mshono wake ni hodari kwa kandambili, lakini mkanda hushonwa na wenye mashine na uzi wa kazi hiyo, kisha hupimwa. Tumeamua kuvipeleka vifungio vya asili vikasafishwe kutu na kukaguliwa. Vikifaa, vitashonewa utepe mpya wa upana na rangi ile ile, na visipofaa tutanunua vipya. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, lakini fremu yake ni ya chuma, nacho huliwa na kutu. Kwa hiyo kila mahali palipo na bolti ya mkanda panachunguzwa. Utepe wa zamani tutauhifadhi ofisini, pamoja na picha za mapadre wale.

Uamuzi wa pili umewaudhi wanakwaya, nami nauelewa uchungu wao. Viti vya nyuma ni mabenchi yanayotazamana, na mkanda haumkingi vizuri mtu aliyeketi ubavu. Gari hili halitabeba tena watu nyuma. Tutatafuta njia nyingine ya kuwafikisha vigangoni, hata kama ni kwa gharama zaidi.

Nimewasikia wakisema, "Padri, ajali haina kinga." Ndugu zangu, msemo huu tunausema msibani ili kumfariji aliyefiwa, na hapo una nafasi yake. Tukiusema kabla ya safari, tunaugeuza kuwa kisingizio. Shetani alimshauri Bwana ajitupe chini kutoka kinara cha Hekalu, kwa kuwa malaika wangemdaka. Naye alikataa kumjaribu Mungu. Rozari inayoning'inia kwenye kioo cha gari ni njema, na kubariki magari nitaendelea kubariki. Lakini mama mjamzito tunayemkimbiza usiku Hospitali ya Nyakahanga anatudai sala na mkanda pia.

Kwa wazee wangu nasema hivi kwa heshima: aliyeifunga mikanda ile alikusudia kumwokoa atakayeketi pale. Kusudi hilo ndilo urithi tulioachiwa. Tukiuacha utepe uliooza kwa sababu tu ni wa asili, tutakuwa tumetunza kitambaa na kumsahau mtu.

Nawaomba kila mmoja, juma hili, aukague mkanda wa gari analosafiria, na aufunge, hata kama safari ni ya kwenda Kayanga na kurudi.

Nawatakieni Dominika njema.

Wenu katika Kristo,
Paroko