Mtafute kama alivyokuwa

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma na moyo umefurahi. Unataka kumjua babu yangu wa Pemba, mzaa bibi yako, na unaniuliza uanzie wapi.

Usianze na makaratasi. Nenda Wete ukakae na wazee wa upande ule. Uliza majina yote aliyoitwa, la nyumbani na la utani, shamba alilolima, aliyemwozesha, na makaburi wanayoyazuru. Bila ya hayo utafika Nyaraka za Taifa kule Kilimani ukutane na akina Mabruki, Feruzi na Juma wengi, usijue yupi wako.

Nyumbani husemwa kwamba alikuja na jahazi kutoka Arabuni. Lakini bibi yako, tulipokuwa wawili tu, aliniambia baba yake alikuwa Myao aliyeletwa angali mtoto. Kwa hiyo yafungue pia madaftari ya watumwa walioachwa huru, wala usione haya.

Elewa madaftari hayo yalitokana na nini. Amri ya Sultan Hamoud wa Zanzibar ya tarehe 6 Aprili 1897 haikumwacha mtumwa huru papo hapo. Ilibidi aende mwenyewe mahakamani kuomba, na aonyeshe ana pa kukaa na njia ya kujilisha. Bwana wake naye alilipwa fidia na serikali, na fedha ikitoka lazima iandikwe imetoka kwa ajili ya nani. Ndiyo sababu mtu ambaye hakuna aliyejali kuandika kuzaliwa kwake anaweza kuonekana siku hiyo moja. Wengi hawakwenda mahakamani kabisa. Walipatana na mabwana zao wakabaki mashambani. Basi ukilikosa jina lake, hujathibitisha lolote.

Mkewe atakupa taabu zaidi, hasa kama aliwahi kuwa suria. Masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka 1909. Tena mtoto wa suria kwa bwana wake alizaliwa huru na kufuata nasaba ya baba, hata mama akapotea kwenye shajara ya ukoo ilhali vizazi vyake vimejaa mji mzima. Jambo hili huniumiza sana. Watafute wanawake hao kwenye hati za wakfu. Wenye mali wengi waliweka wakfu nyumba na mashamba kwa watoto wao na kwa watu waliowaacha huru. Mimi nazithamini hati hizo kuliko daftari lolote la serikali, maana mwenye kuweka wakfu alikuwa akiwataja watu wa nyumba yake.

Ukikuta kabila limeandikwa, uliza limeandikwa mwaka gani. Katika hesabu ya watu ya 1924 maelfu waliandikwa Waswahili. Ilipofika 1931 waliobaki na jina hilo walikuwa wachache mno, wengine wamekuwa Washirazi au kitu kingine. Hawakufa wala hawakuhama. Kisha vikaja Vita Kuu ya Pili, chakula kikagawiwa kwa kabila, Waarabu na Wahindi wakapata mchele na Waafrika wakapewa mahindi. Mwenye watoto wenye njaa alijiandikisha pale penye mchele. Usimwite mwongo. Iandike karatasi kama ilivyo, na pembeni uandike mwaka na sababu.

Watakuwapo wa kwetu watakaokukataza. Watasema unafukua aibu. Wajibu kwa adabu, lakini usiache. Aibu ni ya walionunua mtoto, si ya mtoto aliyenunuliwa. Huyu alilima karafuu za watu, akaoa, akalea, na sote tumetoka kwake. Kumvisha ukoo usio wake ili sisi tupendeze ni kumdhulumu mara ya pili.

Wazee wa Wete wamebaki wachache, na mmoja wao hasikii vizuri tena. Nenda kwao kabla ya Ramadhani, uchukue daftari na kalamu. Kilimani itakungoja.

Shangazi yako akupendaye