Matunda ya Kuoka kwa Wimbi, na Haki ya Mama



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyeotesha ardhini kila namna ya tunda na nafaka. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Wasomaji wetu wapendwa, hasa akina mama, wiki hii tumependa kuzungumza juu ya chakula kimoja cha matunda ya kuoka, kisichotiwa maziwa, wala siagi, wala yai. Huenda mtu akauliza: sheikh na mapishi wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba hapa Nambale, katika kaunti ya Busia, tumeona jinsi chungu kinavyoweza kuutenga ukoo, na jinsi chungu hicho hicho kinavyoweza kuurudisha pamoja.

Uislamu si mgeni katika nchi hii ya magharibi. Misafara ya Waswahili kutoka pwani ilifika Mumias, makao ya Nabongo Mumia wa Wawanga, katika karne ya 19, na wengi katika ukoo wake wakasilimu. Hata hivyo Waislamu hapa tu wachache kati ya majirani Wakristo, na si haba nyumba ambayo binti amesilimu na wazazi wake wamebaki kanisani. Binti huyo akienda kwao, jambo la kwanza kumtia mashaka ni chakula. Kuku huyu kachinjwa na nani? Mafuta haya ni ya nini? Sufuria hii jana imepikiwa kitu gani?

Mama mmoja kijana wa darasa letu la alasiri alitujia na mzigo huo. Tangu asilimu, kwa muda wa miaka 2, kila alipokwenda kumzuru mama yake alibeba chakula chake katika chombo chenye kifuniko. Hakukusudia ubaya. Lakini siku moja mzee yule alimwambia: "Mwanangu, kama chakula changu ni uchafu, basi na maziwa niliyokunyonyesha yalikuwa uchafu." Binti alitueleza haya machozi yakimtoka, kisha akauliza: "Maalim, nifanyeje? Dini yangu naipenda, na mama ninaye mmoja."

Hukumu ya vichinjwa vya Ahlul Kitabi ina maelezo marefu ya wanavyuoni, wala hapa si mahali pa kuyafungua. Tulimkumbusha kwanza lililo wazi. Katika Sura Luqman, aya ya 15, mwana ameamrishwa kukaa na wazazi wake kwa wema duniani hata wakiwa nje ya dini, ingawa hawatii katika ushirikina. Naye Bibi Asmaa binti Abubakar (R.A.) alipojiwa na mama yake, ambaye bado alikuwa mshirikina, alimwuliza Mtume (S.A.W.) kama amuunge, naye akamwamuru amuunge. Hadithi hiyo imepokewa na Bukhari na Muslim. Kisha tukamwambia: binti yetu, embe halichinjwi, wala wimbi halichinjwi. Anzia hapo.

Ahli yetu ndiye aliyemfundisha upishi wenyewe. Wenzetu wa Uingereza na Marekani huupika kwa matufaha, oti na siagi. Sisi tumeugeuza kwa vitu vya Nambale, na ladha haikupungua. Kipimo hiki kinatosha watu 8.

Twaa maembe 5 yaliyoiva lakini bado yana ugumu kidogo, na nanasi 1, kama haya yanayovushwa kutoka Uganda kupitia Busia. Katakata nanasi vipande vidogo, ulichemshe peke yake bila maji mpaka likauke mchuzi wake, kwani nanasi bichi hutoa maji mengi na kuharibu kazi. Changanya na maembe uliyoyakata, ukamue ndimu 1, utie sukari vijiko 3, iliki ya kutwanga, mdalasini kidogo, na kijiko 1 cha unga wa muhogo ili mchuzi ushikane. Mimina katika sufuria nzito uliyoipaka mafuta.

Chenga za juu ni hizi: unga wa wimbi kikombe 1, unga wa ngano nusu kikombe, njugu karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusu kikombe, simsim vijiko 3, sukari guru iliyoparwa nusu kikombe, na chumvi kidogo. Tia mafuta ya alizeti vijiko 6, ufikiche kwa ncha za vidole mpaka zitoke chenga. Zikiwa bado vumbi, nyunyiza kijiko 1 cha maji. Usikande, maana ukikanda utapata chapati. Tandaza chenga juu ya matunda bila kuzigandamiza.

Asiye na oveni na apalie makaa, kama bibi zetu wanavyopalia wali na mikate: makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Baada ya nusu saa inua kifuniko kidogo upande mmoja ili mvuke utoke, la sivyo chenga zitalainika. Acha dakika 10 zaidi, na ukiona mchuzi unatokota pembeni na juu pamekuwa rangi ya kahawia, epua.

Kuna faida nyingine ya kutumia mafuta matupu ya mimea. Majarini nyingi za dukani huandikwa alama E471, na kitu hicho huweza kutoka kwenye mimea au kwenye wanyama, bila paketi kueleza. Nayo arki ya vanila aghalabu hutolewa kwa pombe. Iliki na mdalasini hutuondolea shaka hizo zote, na Mtume (S.A.W.) ametufunza kuacha la shaka na kushika lisilo na shaka.

Binti yule hakupika nyumbani kwake akabeba. Tulimsisitizia hilo. Alichukua iliki na mdalasini tu, akaenda kupika jikoni kwa mama yake, kwa maembe ya mwembe wa kwao, kwa wimbi la ghala la kwao, na kwa sufuria waliyoiosha pamoja. Mzee ndiye aliyepalia makaa, kwa kuwa mkono wake unaujua moto zaidi. Wakala katika sinia moja. Mama akasema wimbi hili kumbe lina kazi nyingine zaidi ya uji na busaa, kisha akafunika bakuli moja akasema: "Mpelekee mkwe wangu." Mkwe huyo hakuwahi kumtaja kwa jina hilo kabla ya siku ile.

Hatusemi kwamba mambo yote yamekwisha. Siku ya sikukuu suala la nyama litarudi, nao watahitaji kuzungumza kwa upole. Lakini wanaozungumza baada ya kula pamoja si sawa na wanaozungumza kila mmoja na chombo chake.

Basi enyi dada zetu wa Mombasa, Lamu, Malindi na Tanga, mlio na nazi tele, tumieni mafuta ya nazi mahali pa alizeti. Msiyaache maembe yaoze chini ya miembe, kwani israfu tumekatazwa katika Sura Al-A'raf, aya ya 31. Na kama katika ukoo wenu yuko mama, shangazi au jirani ambaye meza imewatenga naye, mwendeeni jikoni kwake, mpike vitu vyake, kwa mkono wake na wenu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azitie baraka riziki zetu, aziunge nyoyo za jamaa zetu, na atuongoze sote katika njia iliyonyooka. Amin.

Wabillahi tawfiq.