Alama Mbili

Waingereza wana watu ambao majirani zao huwacheka kwa upole: wale wasimamao mwisho wa jukwaa la stesheni, mvua inyeshe au jua liwake, wakiandika namba za vichwa vya treni. Mwaka 1942 Ian Allan, karani kijana wa Southern Railway, alitoa kijitabu kilichoorodhesha namba za vichwa vya kampuni yake, na tangu hapo mchezo ule ukawa na kitabu chake. Ada yenyewe ni nyepesi: ukikiona kichwa, unaitia alama namba yake. Lakini wako waliokolea, ambao hawatosheki na kuona. Kwao kichwa hakijapatikana mpaka kiwe kimewavuta. Vitabu vya hao huwa na alama mbili, nukta kwa kilichoonwa na mstari kwa kilichopandwa.

Jioni moja ya Novemba 2019, mtu mmoja wa makamo mwenye kitabu cha namna hiyo mfukoni alisimama katika stesheni ya Ipswich, mashariki ya Uingereza. Ilikuwa saa kumi na moja, na jua lilikwisha kuzama zamani. Shabaha yake ilikuwa vichwa 15 vya umeme vya aina ya Class 90, vilivyoundwa Crewe mwishoni mwa miaka ya 1980, ambavyo wakati huo vilivuta treni za abiria baina ya London na Norwich. Kumi na vinne vilikwisha kupata mstari. Kimoja kilikuwa na nukta tu. Na muda ulikuwa haba, kwani treni mpya kutoka Uswisi, zisizo na kichwa cha kufunguliwa wala kufungwa, zilikuwa zikingoja kuingia kazini.

Ipswich ni mahali pa kungojea bila kuchoka. Reli iendayo bandari ya Felixstowe haina waya wa umeme, kwa hiyo makontena hutoka huko yakivutwa na vichwa vya dizeli. Katika yadi iliyo kando ya stesheni, dizeli nyingi zilikuwa zikifunguliwa na mahali pake kuchukuliwa na vichwa vya umeme, aghalabu viwili viwili. Baadhi ya vilivyokuwa hapo jioni ile vilikuwa vya Class 86, vilivyoundwa 1965 na 1966, wazee wenye rangi iliyochujuka, wakinguruma kwa sauti ya mapangaboi yao. Kiswahili kililipa chombo hiki jina la garimoshi, na jina limekataa kufa hata pale ambapo hapana moshi.

Juu ya paa la kila kichwa huinuka mkono wa chuma, nao hugusa waya wenye volti 25,000. Waya ule haukunyooshwa kama wengi wadhanivyo. Hutandazwa kwa kupinda kidogo kushoto na kulia, kutoka nguzo hata nguzo, ili usisugue mahali pamoja ukauchimba mfereji ule mkono unaougusa. Mwenye kutazama kwa makini huuona ukicheza huku na huku, treni likija.

Mpenzi wa mashairi asiharakishe kucheka. Naye amelelewa katika kuhesabu, mizani nane na nane, kina cha kati na kina cha mwisho, na kuhesabu huko ndiko kulikolifundisha sikio lake kungoja. Unguja nayo ilikuwa na reli yake mwanzoni mwa karne ya 20, maili saba hivi kutoka mjini hadi Bububu. Haikudumu miaka 30. Kilichobaki vinywani mwa watu ni ubishi tu, kama jina la Bububu latokana na mlio wa gari au na chemchemi ibubujikayo. Laiti daftari la mtoto mmoja wa Malindi lingesalia.

Treni la London lilipotokea, kijana mmoja mwenye simu alikwisha kumwambia yule bwana kwamba kichwa kijacho sicho. Bwana alikuwa hakuuliza. Alipanda vivyo hivyo, akasimama mlangoni mwa behewa, dirisha limeteremshwa kidogo. Stesheni iliachwa na papo hapo handaki likawameza, mngurumo ukarudi kutoka kutani mara mbili ya ukubwa wake. Walipotoka, mwendo ulikuwa umekwisha kukolea kuelekea maili 100 kwa saa. Kabla ya Manningtree treni lilivuka mto Stour, maji yamekupwa, matope yaking'aa kama ufuo wa Kizingo usiku wa bamvua. Hapo mkono wa juu uliruka kidogo kwenye waya, na mwako wa buluu ukalimulika tope lote, na ndege waliolala juu yake, kwa muda wa kupepesa jicho.

Aliteremka Colchester akarudi kwao. Mstari haukupigwa. Majira ya kuchipua hayakuwa mbali, na alikusudia kurejea.

Tarehe 23 Machi 2020 serikali ya Uingereza iliwaamuru watu wakae majumbani kwa ajili ya korona. Katika wiki hiyohiyo kichwa cha mwisho cha Class 90 kilivuta abiria wa njia ile, na majukwaa ambayo siku nyingine yangejaa kamera na madaftari yakawa matupu. Vichwa viwili kati ya vile 15 vilichukuliwa na kampuni ya safari maalumu. Kumi na vitatu vilihamia kwenye makontena, vikarithi kazi ya wale wazee wa 1965 na 1966, waliostaafishwa mwaka 2021. Kile chenye nukta kilikuwa miongoni mwa hao kumi na vitatu. Yule bwana alikiona tena pale Ipswich, kimepakwa rangi mpya, kikifungwa mbele ya shehena iliyotoka Felixstowe, naye akiwa na tikiti mkononi isiyomfaa kwa treni lile.