Azimio la Giza Moja

Kalenda nyingi tunazogawiwa mwisho wa mwaka huonyesha Januari kwa picha ya theluji. Sisi wa Kigoma theluji hatuijui. Januari yetu ni matope. Masika huanza Oktoba au Novemba na hayatuachi mpaka Aprili au zaidi, kwa hiyo mwaka mpya hutukuta katikati ya mvua. Nguo hazikauki, kuni hazishiki moto, watoto wanakohoa, mbu wamejaa. Na ndipo tunaposimama kanisani usiku wa mkesha na kuulizwa: mwaka huu umeazimia nini?

Akina mama wenzangu, sina ugomvi na maazimio. Kujenga nyumba ya matofali, kusoma Biblia yote, kufungua duka, kupunguza hasira, yote ni mema. Ila azimio la mwaka mzima ni refu mno kwa mwambao huu. Hapa fedha haziji kwa mwaka, wala kwa mwezi wa kalenda. Huja kwa giza.

Kwa dada zangu wa mbali, nieleze kidogo. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na za sola. Mwanga huwavuta dagaa juu, ndipo wavu unapoinuliwa. Mwezi ukipevuka, ziwa lote huwa jeupe na taa haina kazi tena, hivyo wavuvi hukaa nyumbani siku kadhaa wakishona nyavu. Ndiyo maana mwanamke wa Kibirizi, Katonga au Ujiji hutazama mbingu kabla ya kutazama kalenda. Mwezi ukianza kuchelewa kutoka, anajua giza linaingia na madeni yatalipika. Ukipevuka, anajua sasa tutakula tulichoweka.

Mwisho wa mwaka 2024 giza liliangukia sikukuu. Tarehe 31 Desemba mwezi haukuonekana kabisa, na ulikuja kupevuka usiku wa tarehe 13 Januari 2025, wiki ileile shule zilipofunguliwa. Kwa hiyo usiku wa mkesha kanisani tulikuwa wanawake, watoto na wazee. Waume zetu walikuwa ziwani. Tulipotoka nje tuliziona taa zao zimejipanga majini kama mji mwingine. Tulikuwa tumegawiwa vikaratasi vya kuandika maazimio. Changu kilikuwa na maneno machache: giza hili, hata ndoo moja isioze.

Sababu ilikuwa binti yetu. Alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza, katika shule iliyo mbali na kwetu, hivyo angelala hosteli. Ada ilifutwa tangu Januari 2016, nasi tunashukuru, lakini sare, viatu, madaftari na godoro havikufutwa. Baba watoto alikuwa kimya tangu Krismasi. Mama mkwe ndiye aliyelitamka lile lililokuwa kichwani mwake.

“Mwanangu,” aliniambia, “mtoto aende kwanza kwa shangazi yake Kasulu akasaidie shamba. Shule ataingia mwakani.”

Hakusema kwa ubaya. Naye alilelewa hivyo. Lakini mnaijua “mwakani” ya binti. Ni wangapi waliopelekwa kusaidia shamba kwa mwaka mmoja, wakarudi wamebeba mtoto mgongoni?

Kiangazi dagaa hawana shida. Unawamwaga asubuhi, jioni wamekauka wanalia kama majani. Masika ni vita. Mitumbwi inarudi alfajiri, mawingu yameshuka mpaka vilimani. Bei iko chini kwa sababu kila mnunuzi anaiogopa mvua, na wewe unanunua kwa sababu bei iko chini. Saa nne jua linachungulia. Saa sita mvua inamwagika. Dagaa walioloa mara ya pili hubadilika rangi, matumbo yakapasuka, na jioni wanaofurahi ni kuku wa jirani. Tena mwaka huo wa 2024 ziwa lilikuwa limefungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sipingi, aliyeona wavu ukipanda na vidagaa visivyofika urefu wa kidole ataelewa. Lakini hiyo ndiyo miezi yetu mizuri ya kuanika, na ilipita vichanja vikiwa vitupu. Mama anayetupa ndoo ya masika hana pa kuifidia.

Nilikuwa na chanja moja ya waya, kimo cha kiuno. Upande wa Burundi, wanawake wa ziwa hilihili walianza kufundishwa chanja za namna hiyo na mradi wa FAO mwaka 2004, na huku kwetu pia zipo. Chanja haiongezi jua. Kazi yake ni kuupitisha upepo chini ya dagaa, na mvua ikija unafunika tu badala ya kuzoa dagaa pamoja na mchanga. Jirani yangu alikuwa na turubai, hana chanja. Tukaungana. Mmoja akienda sokoni, mwingine anabaki. Kijana wangu mdogo tulimpa kazi ya kutazama ng'ambo: milima ya Kongo ikipotea ndani ya mvua, apige kelele. Aliipenda kazi hiyo kuliko kazi yoyote niliyowahi kumtuma. Wale ambao jua liliwakataa tuliwatia chumvi ya Uvinza, au tuliwakaanga siku hiyohiyo nikawapanga kwenye meza ya barabarani jioni.

Nyuma ya daftari la hesabu nilianza kuandika ushindi wa kila siku. Leo kuni kavu zimetosha. Leo mdogo hana homa, tumeziba tundu la chandarua. Leo ndoo mbili zimekauka, ya tatu imekaangwa. Leo hakuna jua kabisa, lakini baba watoto amecheka. Ukiusoma ukurasa ule unaona ni vitu vidogo mno, na mingine ni ya kuchekesha. Mimi ulinipa nguvu ya kuamka alfajiri ya siku ya pili.

Siku hizo niliwaza sana habari ya mana jangwani. Waisraeli hawakupewa chakula cha mwaka. Walipewa cha siku, na waliojaribu kukilaza waliamka kukuta funza na harufu. Mama wa dagaa anaielewa habari hiyo bila kufafanuliwa. Lakini siku ya sita waliruhusiwa kuokota maradufu, wakaweka, na haikuoza. Kwa hiyo kuweka akiba si kukosa imani. Kuna siku za kuokota na kuweka, na kwetu siku hizo ni za giza.

Wewe unayesoma huenda huishi kwa dagaa. Mke wa mwalimu ana mwisho wa mwezi, mkulima ana kupalilia na kuvuna, mama wa mawese ana msimu wa michikichi. Nadhani kila nyumba ina giza lake, yaani kipindi ambacho fedha huingia na kukatika. Azimio likitoshea ndani ya kipindi hicho, mume anaweza kulishika nawe, na hata watoto wanalielewa. Azimio la mwaka nililowahi kumsomea baba watoto alilijibu kwa neno moja: “Sawa.” La giza moja aliuliza maswali.

Mpaka mwezi ulipopevuka, ndoo mbili zilikuwa zimeoza. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, na hata chumvi ilishindwa. Zilizobaki zilinunua sare mbili, madaftari na viatu vya mtumba vilivyomtosha vizuri. Godoro halikupatikana.

Siku chache kabla ya shule kufunguliwa, baba watoto alirudi kutoka ziwani akaikuta sare imetundikwa ukutani. Hakusema neno. Alioga, akala, akachukua panga akaondoka. Jioni alirudi na miti begani, akaanza kujenga chanja ya pili. Mama yake alitoka nje kumtazama.

“Mama,” alimwambia huku akipigilia misumari, “mtoto ataanza kwa kulalia mkeka. Kasulu atakwenda likizo.”

Mama mkwe aliguna tu. Lakini asubuhi ya safari ndiye aliyeukunja mkeka ule na kuufunga kwa kamba, akaweka na blanketi lake mwenyewe ndani yake.

Mwishoni mwa Januari giza lilirudi. Tulianza na chanja mbili, na azimio lilikuwa godoro.