Bowa na mutondo: urithi wetu unaungua katika mbabula

Kwetu Haut-Katanga, wazee hawakuhitaji kalenda ili kujua wakati wa bowa. Mvua ya Novemba ikisha kulowesha udongo, wamama walifunga vitenge, wakachukua mabeseni na kuingia porini alfajiri. Sisi watoto tulifuata nyuma. Bibi yetu ndiye alikuwa mwalimu wetu wa kwanza wa biolojia, ingawa hakujua kuandika jina lake.

Masharti yake yalikuwa matatu. Kile usichokijua kwa jina, usikitie mdomoni. Kilicho kidogo bado, kiache kikue. Na mti unaokulisha, usiukate. Majina alitufundisha kwa kutushikisha: huu ni tente, huu ni kabansa, huu wa rangi ya machungwa ni chitondo. Siku tuliyokosea, tulirudia kuanzia mwanzo, maana kati ya uyoga wa kuliwa na ule wa kuua kuna tofauti ndogo sana. Jioni ulipikwa na karanga iliyotwangwa, ukaliwa na bukari, na nyama haikuulizwa.

Baadaye, katika shule ya ualimu, ndipo tulielewa sharti la tatu. Nyuzi za uyoga huu hufunika mizizi ya miti ya pori letu, kama mutondo na muputu. Uyoga huuletea mti maji na madini ya udongo. Mti nao huupa uyoga sukari. Mti ukikatwa, uyoga wake nao unapotea. Ndiyo sababu hakuna mtu anayeweza kuupanda shambani kama mihogo. Wazee walijua jambo hilo bila mikroskopi: mti unaitwa mutondo, uyoga chitondo, kama mama na mtoto.

Kuna pia uyoga mkubwa wa kwenye kichuguu, ambao wataalamu wanauita Termitomyces titanicus. Kofia yake inaweza kukaribia metre moja. Huo unalimwa na mchwa wenyewe ndani ya nyumba yao. Lakini leo vichuguu vinabomolewa ili kufyatua matofali, na matofali yanachomwa kwa kuni za pori lile lile.

Mwaka uliopita tulisimama kando ya barabara kununua bowa. Mama muuzaji, mtu mzima, alitupimia sahani ndogo. Tukalalamika bei. Akajibu:

— Mwalimu, zamani tulikuwa tunaokota hapa nyuma ya nyumba. Sasa natoka saa kumi ya usiku, natembea mpaka jua inatoka. Miti yote imeisha, wameichoma makala. Na wewe, kwako munapika na nini?

Tulinyamaza. Nyuma ya motokaa tulikuwa na gunia mbili za makala.

Umeme unakatika, watoto wanataka kula: sababu zetu tunazo. Mchoma makala naye ana zake, kwani ada ya shule anayotuletea inatoka humo. Hatuwezi kumhukumu mtu huku tukiota moto wake. Lakini mbele ya yule mama tuliona haya, maana darasani tunafundisha mizizi na nyuzi, na nyumbani tunaichoma.

Hasara si ya chakula tu. Tulipowauliza wanafunzi wetu majina ya uyoga, walijibu: « Bowa ni bowa tu ». Pori likienda mbali, mtoto haendi tena na bibi yake, na jina lisilotajwa linakufa. Mwaka 2017 wataalamu De Kesel, Kasongo na Degreef walitoa kitabu kizima juu ya uyoga wa kuliwa wa Haut-Katanga. Ni kazi nzuri. Lakini kitabu hakimshiki mtoto mkono porini.

Tufanye nini basi? Miti yetu ina bahati: kisiki cha mutondo kikiachwa bila kung'olewa, kinachipuka tena, na uyoga unaweza kurudi pamoja nacho. Tuache visiki. Tuzuie moto mkali wa Septemba na Oktoba, unaoua machipukizi. Kila kijiji kiache sehemu moja ya pori bila shoka. Na sisi walimu, mvua ikinyesha, tuwapeleke watoto kwa wamama wanaojua majina.

Sisi tumekwisha kuanza: Januari tulimwalika yule mama wa barabarani darasani na beseni lake. Alitaja majina kumi na moja. Wanafunzi waliandika. Sisi pia tuliandika, kwa kuwa manne tulikuwa tumeyasahau.