Kuzoeana na Draiva Mpya

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumwonya mtu aliyezoea jambo hata akashindwa kuliacha. Mimi nimeionja kwa upande wake wa pili, yaani taabu ya kuanza kuzoea. Kwa muda wa miezi mitatu sasa nimekuwa nikijifunza kurusha kisahani kimoja cha plastiki, chenye rangi ya chungwa, uzito wa gramu 173 na kipenyo cha sentimita 21 hivi. Ni kitu kidogo, lakini kimenifundisha mengi kuhusu nguvu, subira na mapenzi ya ndugu, ndiyo maana nimeona kinastahili insha.

Wenzangu wengi darasani hawaujui mchezo wenyewe, hivyo nianze hapo. Gofu ya visahani huchezwa kama gofu, isipokuwa hapana fimbo wala mpira wala shimo ardhini. Mchezaji husimama penye kianzio, hurusha kisahani kuelekea kikapu cha chuma kilichowekwa mbali, kisha hukifuata na kukirusha tena kutoka pale kilipoangukia, mpaka kiingie. Juu ya kikapu huning'inia minyororo ambayo hukipokea kisahani na kukiangusha ndani. Anayetumia mirusho michache ndiye mshindi. Pamoja na kwamba hakuna shimo, tumeendelea kuita kila kituo "shimo", kwa heshima ya gofu ya zamani.

Aliyeupa mchezo huu sura yake ni Mmarekani Ed Headrick. Alifanya kazi katika kampuni ya Wham-O, na huko aliboresha kisahani cha Frisbee katika miaka ya 1960. Katika miaka ya 1970 alibuni kikapu cha minyororo, na mwaka 1976 akaanzisha chama cha wachezaji kinachojulikana kwa kifupi kama PDGA. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa na plastiki yakatengenezewa visahani, kama alivyotaka mwenyewe. Nilipomsimulia bibi yangu habari hiyo, alishika kichwa akasema wazungu hawataki kupumzika hata wakifa.

Chuoni kwetu, hapa Kampala, tuna vikapu tisa. Viwili vililetwa kutoka nje, saba vimetengenezwa na fundi wa kuchomelea vyuma kwa rimu za baiskeli na minyororo ya dukani. Havina tofauti kubwa, ila vya fundi hupiga kelele zaidi kisahani kikiingia, na kelele hiyo ni tamu.

Kaka yangu ndiye aliyenifundisha. Tulikulia katika kambi ya polisi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya watoto wa makabila yote, nasi tulirusha kila kilichoweza kuruka: vifuniko vya ndoo, sahani za plastiki, hata kofia za baba. Alipoondoka kwenda kufanya kazi Ufini, ambako mchezo huu una wachezaji wengi sana, aliniachia kisahani chake kimoja cha masafa ya kati. Hicho ndicho nilichokitumia miaka miwili. Kilikuwa kimechakaa ukingoni, lakini kilinitii. Nikikielekeza kwenye mwembe, kilikwenda kwenye mwembe.

Kisha mwanzoni mwa muhula huu akanitumia draiva, kwa mkono wa mtu aliyekuwa akirudi nyumbani. Draiva ni kisahani cha masafa marefu. Jina hilo ni ndugu wa neno letu "dereva", kwa kuwa yote mawili yametoka kwenye Kiingereza, na wiki za kwanza nilihisi kweli kwamba dereva alikuwa yeye, mimi nilikuwa abiria.

Visahani vya namna hii vilianza mwaka 1983, pale Dave Dunipace alipobuni kisahani chenye ukingo uliochongoka badala ya ukingo mnene wa mviringo. Ukingo uliochongoka hukata hewa kama upanga, hivyo kisahani huenda kasi na mbali zaidi. Lakini upanga huohuo una masharti. Draiva yangu ina ukingo wenye upana wa sentimita 2.2, karibu mara mbili ya ule niliouzoea, na vidole vyangu ni vifupi. Siku ya kwanza nilipokishika nilihisi kama nimeshika kifuniko cha sufuria ya mtu mwingine.

Juu yake kumeandikwa namba nne: 12, 5, -1 na 3. Ya kwanza ni kasi ambayo kisahani kinahitaji ili kiruke kama kilivyokusudiwa. Ya pili ni uwezo wa kuelea. Ya tatu huonyesha kinavyoegemea kulia kikiwa bado na kasi, na ya nne kinavyokata kushoto kinapoishiwa. Namba hizo ni kwa mtu anayerusha kwa mkono wa kulia kwa mtindo wa kawaida, mkono ukianzia upande wa kushoto wa kifua. Kwa hiyo kwenye karatasi draiva yangu ilipaswa kwenda mbele, kuegemea kulia kidogo, kisha kurudi kushoto taratibu, ikichora herufi S ndefu angani.

Angani kwetu haikuchora S yoyote. Nilipoirusha ilitoka mkononi, ikapanda kidogo, ikakata kushoto mapema na kutua kwenye shamba la mihogo lililo pembeni ya uwanja. Nilipima kwa hatua. Kisahani cha zamani kilinipa mita 58, cha masafa marefu kilinipa mita 51. Nilirudia kwa wiki mbili na matokeo yalikuwa yaleyale. Mwenye shamba alinizoea kabla mimi sijaizoea draiva. Alikuwa akiniona tu anauliza, "Leo umepanda mangapi, binti yangu?"

Wavulana wa timu walikuwa na ushauri wa haraka: niuze. Walisema kisahani cha kasi 12 si cha mkono wangu, nitafute chepesi cha gramu 150 chenye kasi ndogo. Hawakusema kwa dharau, na kwa kiasi kikubwa walisema kweli. Lakini kulikuwa na mambo mawili ambayo hawakuyaona. La kwanza ni kwamba chuo kilikuwa kinachagua timu ya watu sita ya kucheza na chuo jirani, wavulana watatu na wasichana watatu. Sisi wasichana tulikuwa watano, na mashimo mawili kati ya tisa yalikuwa marefu kuliko mkono wangu na kisahani changu cha zamani. La pili ni kaka. Kila Jumapili alipiga simu, na baada ya salamu swali lilikuwa lilelile.

"Mdogo wangu, kinarukaje?"

"Bado tunazoeana, kaka," nilimjibu.

Najua gharama ya kitu kile. Bei yake huko inazidi chakula changu cha wiki mbili, na kaka hufanya kazi za usiku. Kumwambia kwamba zawadi yake hainifai kulikuwa kama kumrudishia usiku huo.

Basi nikaamua kwanza nielewe kwa nini kinakata kushoto. Rafiki yangu anayesoma fizikia alinichorea. Kisahani chetu huzunguka kwa kufuata mishale ya saa. Kikiwa na kasi kubwa, nguvu ya hewa inayokiinua hukaa nyuma kidogo ya kitovu, nayo hujaribu kukiinamisha pua. Lakini kitu kinachozunguka hakitii kinavyosukumwa. Badala ya kuinama pua, hulala upande wa kulia. Kasi ikipungua, kisahani huanza kuzama, hewa hukipiga zaidi kwa chini, nguvu ile husogea mbele ya kitovu na kujaribu kuinua pua. Hapo ndipo hulala kushoto. Kwa maneno mengine, kila kisahani kina safari mbili ndani yake, ya kulia kwanza na ya kushoto baadaye. Mkono wangu haukuwa na kasi ya kutosha kukipa safari ya kwanza, ndiyo maana kilianza moja kwa moja na ya pili.

Kuna jambo jingine ambalo lilinifurahisha kulijua. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 10 hivi. Hewa nyepesi hukishikilia kisahani kidogo, hivyo kinaelea kidogo na kinakata kushoto mapema zaidi. Kisahani kile ambacho Ufini, nchi ya tambarare, kiliruka vizuri mikononi mwa kaka, hapa kwetu kilikuwa kama mgeni aliyefika kwenye nchi ya milima akitembea kwa mwendo wa nyumbani kwao.

Baada ya hapo mazoezi yangu yalibadilika. Kila jioni nilirusha mara 20 tu, nikaandika kila mrusho daftarini: umbali, upande, upepo. Nilishika kwa nguvu kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, vidole vingine vikabaki kusindikiza. Nilikazana pua ya kisahani isiinuke, kwa kuwa draiva ikiinua pua hupoteza kasi papo hapo. Tena sikuongeza nguvu. Kisahani kinataka kasi ya mwisho, pale mkono unapokikaribia kifua na kufunguka, si nguvu ya bega tangu mwanzo. Aliyewahi kutwanga anajua: mchi hauinuliwi kwa hasira.

Wiki ya sita daftari lilionyesha wastani wa mita 66, na mara chache 72. Ilikuwa ni zaidi ya kisahani cha zamani, lakini S haikuwapo, na mpaka leo haipo. Kilichonishangaza kilikuwa kwenye safu ya upepo. Mchana upepo wa Ziwa Victoria huvuma kuja nchi kavu, na shimo letu la nne limeelekea ziwani. Pale kisahani cha zamani kilikuwa kikipinduka kulia na kuanguka, kwa sababu upepo wa mbele humwongezea kisahani kasi ya hewa. Draiva ilipokutana na upepo uleule ilinyooka. Kasi ambayo mkono wangu haukuweza kuipa, upepo uliipa. Na shimo la saba, ambalo hupinda kushoto nyuma ya miti ya mikaratusi, lilikuwa kama limechongwa kwa ajili yake. Nililenga kulia ya mti wa kwanza, yenyewe ikakunja kona.

Siku ya mchujo tulicheza mizunguko miwili. Draiva niliitoa kwenye mfuko kwa mashimo hayo mawili tu, jumla mirusho minne. Mitatu ilitua nilikotaka. Mmoja ulikwenda kumsalimia mwenye mihogo. Mashimo mengine yote nilicheza na kisahani cha zamani, na alama zangu nyingi nilizipata karibu na kikapu, ambako draiva haina kazi. Nilishika nafasi ya tatu kati ya wasichana kwa tofauti ya mrusho mmoja. Nafasi ilikuwa ya mwisho, lakini ilikuwa nafasi.

Jumapili iliyofuata kaka alipouliza, nilimweleza yote bila kupamba. Nilimwambia mkono wangu haujafikia kisahani chake, kwamba kwa mashimo saba kati ya tisa sikitoi hata mfukoni, na kwamba kwa mawili hakuna kinachonifaa kama hicho. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi hayo mawili ni yangu. Saba ni yako." Akacheka, nami nikacheka, tukaendelea na habari za mama.

Nimefikiri sana juu ya neno "kuzoea" baada ya hapo. Nilidhani kuzoea kitu ni kukilazimisha kifanye ninachotaka, au kujilazimisha mimi nifanye kinachotaka. Kiswahili kina neno la tatu, "kuzoeana", na kiambishi hicho kidogo cha mwisho kinadai pande mbili. Mimi nimebadili mshiko na mwendo wa mkono. Kisahani nacho kinabadilika: kila kinapogonga kokoto za uwanja wetu, ukingo wake hukwaruzika, na ukingo uliokwaruzika hupunguza ule ukali wa kukata kushoto. Wachezaji wa zamani wanasema baada ya mwaka mmoja au miwili ya kokoto kitakuwa kinanyooka zaidi. Kwa hiyo sikiuzi. Mkono unapanda taratibu na kisahani kinashuka taratibu, na kwa hesabu za daftari langu tutakutana mahali fulani kabla sijamaliza shahada.

Kwa sasa bado kinakata kushoto. Ninalenga kulia.