Bunduki ya Upepo Haitaki Kukabwa

Mpenzi msomaji, najua ukurasa huu umezoea kukuletea mambo ya mapishi, malezi na visa vya mawifi. Leo niruhusu nikuletee habari za bunduki. Usishtuke wala usiwaite watoto ndani. Si bunduki ya majambazi ninayotaka kuizungumzia bali ni bunduki ya upepo, ile inayosukuma punje ndogo ya risasi kwa nguvu ya hewa iliyobanwa, bila baruti hata chembe. Imetia mguu nyumbani kwangu na nusura ivunje amani ya ndoa, ndiyo maana naona mahali pake ni hapa hapa.

Nasema nyumbani kwangu, nikimaanisha kijiji kimoja cha Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, ambako mimi na baba watoto tumepanga nyumba iliyo pembeni mwa shamba la ngano. Mimi nafanya kazi katika makao ya kutunzia wazee, naye ni dereva wa lori. Tunafuga kuku kumi na wanane, kwani mtu aliyelelewa kwa mayai ya kienyeji hayawezi yale ya dukani. Na penye kuku pana chakula, na penye chakula cha kuku panya hawakosi. Si vile vipanya vya darini. Hawa ni mapanya ya kahawia yenye mikia kama kamba, yanayokula mayai, yanayoua vifaranga na kukojoa ndani ya maji ya kuku. Mkojo wao huleta homa mbaya ya leptospira, ambayo inaweza kumuua binadamu.

Utauliza, si mngetega sumu? Mwenye nyumba, mzee wa Kiingereza mwenye adabu nyingi, alitukataza. Ndani ya ghala lake kuu kuu kuna bundi weupe wanaozaa kila mwaka, na bundi akimla panya aliyekula sumu, naye huweza kufa. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu huanza kuhesabu wagonjwa ukooni. Huku bundi huyo analindwa kwa sheria na kuwekewa sanduku la kutagia! Basi, nyumba ni ya mzee, na shari sikutaka. Mitego ilinasa wawili watatu, kisha waliobaki wakaerevuka. Mzee ndiye aliyependekeza bunduki ya upepo, akatupa ruhusa ya kuitumia katika uwanja wake.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu sheria, maana nawajua wasomaji wangu. Hapa Uingereza bunduki ya upepo isiyozidi nguvu ya futi-pauni 12, yaani kama juli 16, hainunuliwi kwa leseni, mradi mnunuzi awe ametimiza miaka 18. Scotland wao wanadai cheti tangu mwisho wa mwaka 2016. Na hata hapa, punje ikivuka mpaka wa uwanja wako bila idhini ya jirani, umevunja sheria, na ukiiacha silaha mahali ambapo mtoto anaweza kuichukua, umevunja sheria pia. Yetu tunaifungia kabatini kwa kufuli, na ufunguo hukaa nami. Kwetu Kenya uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku mwaka 1977, na mambo ya silaha yana ofisi zake. Kwa hiyo usimwambie shemeji yako aliye ng'ambo akufungie moja ndani ya kontena pamoja na friji. Nenda kwanza ukaulize polisi.

Haya. Bunduki ikaja, mpya, inang'aa, ina harufu ya mafuta, ya aina ile ya kukunja mtutu ili kukaza springi. Sasa mwenye nyumba wangu aliwahi kuwa mwanajeshi. Alitumikia jeshi letu miaka tisa na akabeba ile bunduki ya G3, na hakuna wikendi anayotulia na marafiki bila kuwakumbusha jinsi alivyokuwa akilenga shabaha. Akatundika karatasi umbali wa mita 20, nyuma yake akaegemeza kigogo kinene cha kuzuia punje, akalala kifudifudi kama yuko vitani, akaikumbatia ile bunduki akaikaza begani hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Akapiga tano.

Msomaji, matundu matano yalitawanyika kwenye karatasi ile kama kuku waliomwona mwewe. Ungeweza kuyafunika kwa sahani ya chai, si chini ya hapo. Akapiga tano nyingine, hali ikawa ile ile. Akasema mtutu umepinda. Akasema darubini ni mbovu. Akasema Jumatatu anairudisha dukani, na muuzaji ataeleza vizuri kwa nini anawauzia watu mabomba ya maji. Fedha ile, nikukumbushe, tulikuwa tumeitenga kwa karo ya mpwa wake wa kidato cha tatu, tukakubaliana kuirudisha kabla muhula haujafunguliwa. Ndipo maneno yakaanza kuwa makali.

Mimi si mwanajeshi. Lakini nimelelewa na baba fundi, na baba alikuwa na desturi ya kusoma kijitabu cha mashine kabla ya kugusa mashine. Usiku ule nikakisoma cha bunduki mwanzo hadi mwisho. Siku ya mapumziko nikaenda kumuuliza mzee mwenye nyumba, ambaye alianza kupiga bunduki za namna hii utotoni. Niliyoyapata ndiyo nataka uyajue.

Bunduki ya baruti ikifyatuliwa, risasi hutoka mtutuni kwa kasi kubwa mno, na teke lenyewe la maana unalisikia risasi ikiwa imekwisha kwenda zake. Bunduki ya springi sivyo. Ukivuta kifyatulio, springi nzito inaachiwa, inasukuma pistoni mbele kwa kishindo, na bunduki nzima inarudi nyuma. Kisha pistoni inakutana na hewa iliyobanwa, inasimama ghafla, na bunduki inaruka mbele. Mateke mawili, kwenda na kurudi, na hayo huanza wakati punje bado imo ndani ya mtutu! Punje yenyewe haina haraka. Ya milimita 5.5 yenye uzito wa gramu moja hivi hutoka kwa mwendo wa mita 175 au 180 kwa sekunde. Kwa hiyo huwezi kuizuia bunduki isitikisike. Unaloweza ni kuiacha itikisike kwa namna ile ile kila mara. Ukiikaba, leo utaikaba kwa nguvu za kilo tano, kesho kilo saba, mara hii umeivuta kulia, mara ijayo umeisukuma chini, na kila mkabo una tundu lake kwenye karatasi.

Dawa yake ni kuishika kama unavyomshika mtoto aliyelala usipotaka aamke. Kiganja cha mkono wa kushoto kinafunuliwa tu, bunduki inalala juu yake, vidole havifungi. Kitako kinagusa bega bila kusukumwa. Mkono wa kulia unashika kwa wepesi, na kidole kinavuta kifyatulio polepole, moja kwa moja kuelekea nyuma. Na kiganja cha kushoto kikae mahali pamoja kila mara. Sisi tumebandika kipande cha utepe kwenye mbao kuwa alama. Ukitaka kuegemea, egemeza mkono wako juu ya mfuko wa mchanga. Usiilaze bunduki yenyewe juu ya ukuta au jiwe, maana itaruka kutoka hapo kama paka aliyekanyagwa. Halafu, baada ya kufyatua, usiinue kichwa kwenda kutazama umepiga wapi. Baki na jicho kwenye darubini hadi uone tundu.

Kumwambia mwanajeshi wa miaka tisa kwamba bunduki haikabwi ni kazi. Sikumwambia. Nilichukua bunduki, nikakaa kwenye kiti cha jikoni, nikapiga tano kwa mtindo wa mzee, matundu yakaingia ndani ya mduara wa kikombe. Akayatazama kwa muda mrefu. Akasema, "Mama watoto, hebu rudia." Nikarudia. Habari za kuirudisha dukani zikafa hapo, ingawa ilichukua Jumamosi tatu mabega yake kusahau kambi.

Yapo mengine, nami nitayapitia upesi. Bunduki mpya ina mafuta ya kiwandani ndani ya chumba cha hewa, na hewa ikibanwa ghafla hupata moto na kuyaunguza, sawasawa na injini ya dizeli ya basi. Utaona moshi na kusikia mlio mkali, na punje zitaenda ovyo, nyingine kwa kasi, nyingine kwa uvivu. Usihangaike wala usiongeze mafuta mengine humo, utaharibu. Piga punje mia mbili au zaidi, moshi utaisha, springi itazoea makao yake na mlio utatulia. Pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu uondoe uchafu wa kiwanda. Kagua skrubu zinazoshikilia mbao na zile za darubini, kwani mateke hayo mawili huzilegeza. Zetu mbili tulizikuta zinazunguka kwa kidole. Darubini yenyewe iwe iliyoundwa kwa bunduki za springi, maana ile ruko ya mbele huzivunja zisizozoea. Na usifyatue kamwe bila punje ndani, pistoni itajigonga na kuumia.

Juu ya punje nataka kusema zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha. Mitutu miwili iliyotoka kiwanda kimoja siku moja inaweza kupenda punje tofauti, kama mapacha wanaogombania uji na chai. Hakuna wa kukuambia yako inapenda ipi. Sisi tulinunua makopo manne. Zenye ncha kali, ambazo baba watoto alizichagua kwa sababu zinaonekana za kivita, zilikuwa mbaya kuliko zote. Zenye uso bapa zilikwenda vizuri hadi mita 10, kisha zikatangatanga. Aina mbili zilikuwa na kichwa cha mviringo, na mojawapo, wala si ile ya bei ya juu, ilileta matundu yanayogusana. Ukibadilisha kopo, piga punje kadhaa mtutu uizoee kabla ya kuhukumu. Nawe unawe mikono kabla ya kula, maana ni madini ya risasi hayo.

Umbali nao una hila zake. Darubini imekaa juu ya mtutu karibu sentimita 4, kwa hiyo punje huanza safari chini ya jicho lako, ikapanda, kisha ikashuka. Yetu tumeipatanisha kwa mita 20. Kati ya mita 12 na 20 inagonga unapolenga, au karibu sana na hapo. Lakini kwa mita 5 inagonga chini karibu sentimita 2, jambo lililomshangaza kijana wetu aliyedhani karibu ndiko rahisi, na kwa mita 30 inaanguka karibu sentimita 5. Upepo wa Lincolnshire, ambao hauna mlima wa kuuzuia, nao una maoni yake.

Na kwa nini masumbuko yote haya kwa ajili ya panya? Kwa sababu panya hufa papo hapo akipigwa kichwani, na mahali penyewe ni ukubwa wa sarafu ya shilingi. Akipigwa tumboni hujikokota hadi chini ya banda akafe siku mbili. Niliwatazama wazee wengi wakiaga dunia kwa maumivu, na hata kwa panya sitaki kuwa chanzo chake. Kwa hiyo niliweka sharti, na mwenye ufunguo ndiye mwenye sharti: hakuna atakayemlenga kiumbe mwenye pumzi mpaka atie punje tano mfululizo ndani ya sarafu kwa mita 18, si Jumamosi moja bali mbili zinazofuatana. Baba watoto alinung'unika kwamba jeshini hawakuwa wakali hivyo. Kijana, aliye na miaka kumi na mitano, akapewa kazi ya kuandika matokeo daftarini, naye ni mwandishi asiyepokea hongo.

Mimi nilifaulu wiki ya tano. Baba watoto ya saba. Tangu hapo wameanguka kumi na wanne mbele ya banda, jioni jioni wanapotoka kula, na kumi na watatu kati yao hawakutikisa hata mkia. Yule mwingine alihitaji punje ya pili, na baba watoto hakuzungumza hadi chakula cha usiku. Karo ya mpwa ilitumwa siku tatu kabla ya shule kufunguliwa.

Yupo mmoja bado, mkubwa kuwaliko wote, anayekaa kwenye rundo la kuni upande wa pili wa ua. Tulipima kwa kamba: mita 27. Kila jioni anatoka, anakaa juu ya gogo, ananawa uso kama muungwana. Baba watoto huketi na bunduki magotini akimtazama, kisha hunitazama mimi. Naye anajua jibu, kwani kwa mita 27 daftari linasema tatu kati ya tano.